DAWA INAYOHAMISHA MADHARA SI DAWA

Namna ya kuchagua kazi ya kuanza nayo, ili tuharibu kidogo hewa, maji na pori letu



Siku ya posho moja tulifanya salongo ya shule. Klasi yetu ilipewa kazi ya kuokota masashe yote ya kiwanja. Tulifanya kazi kwa bidii kweli. Mbele ya saa nne ya asubuhi tulikuwa na fungu kubwa kama kibanda cha kuku: masashe ya maji, masashe ya sukari na chumvi, chupa, sandale zilizokatika, hata vipande vya waya ya umeme. Tukabeba fungu lile nyuma ya klasi ya kwanza, tukawasha moto. Kila mtu alifurahi kuona kiwanja kimekuwa safi.

Lakini upepo ulikuwa unatoka upande wa mto. Moshi mweusi ukaingia kwa madirisha ya klasi ya kwanza, na wadogo walikuwa ndani wakijifunza wimbo. Mmoja wao ana ugonjwa wa pumu. Wenzake wawili walimtoa inje wakimshika mikono, macho yamemtoka, hawezi kuvuta hewa. Alipelekwa kwa waganga, na tunashukuru alipona. Kesho yake mama yake alikuja, akasimama mbele yetu, akasema neno moja tu: "Munasafisha kiwanja, munachafula kifua ya mutoto wangu. Sasa ile usafi iko ya nani?"

Hakuna mtu aliyemjibu. Makala haya ya gazeti letu ni jibu letu kwake, hata kama limechelewa.

MASWALI MATATU YA KILA KITU

Katika somo la biolojia Mwalimu hakutukemea. Aliandika ubaoni maneno matatu: KUTOKA, KUTUMIKA, KUISHIA. Akatueleza kwamba kila kitu tunachonunua, na kila kazi tunayofanya, ina safari ya sehemu tatu, na inaweza kuharibu katika kila sehemu.

1. Kimetoka wapi? Nani alikitengeneza, kwa miti gani, kwa mafuta gani, kwa maji gani?

2. Kinafanya nini wakati tunakitumia? Kinatoa moshi? Kinakula moto mwingi? Kinamwumiza anayekishika?

3. Kinaishia wapi? Katika udongo, katika mto, katika hewa, ao katika tumbo la mtu?

Kosa letu la siku ya posho ni kwamba tuliona sehemu moja tu. Tuliona sashe iko chini katika kiwanja. Hatukuuliza itaishia wapi tukiisha kuiwasha.

Hesabu ya namna hii si mpya. Mwaka 1969 kampuni ya Coca-Cola iliomba wachunguzi wa Marekani kulinganisha aina mbalimbali za chupa na mikebe ya kinywaji, wakipima mali inayotumika, moto unaoliwa na uchafu unaobakia tangu mwanzo mpaka mwisho. Tangu wakati ule wataalamu wa inchi nyingi wanafanya vile kwa vitu vya kila aina. Sisi hatuna mashini zao, lakini maswali ni yale yale, na mtu anaweza kuyauliza hata akikaa jikoni.

MASWALI MANNE YA DAWA

Tukiisha kuona madhara, tunatafuta dawa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanashika dawa ya kwanza inayoonekana. Kwa hiyo tuliandika maswali mengine manne katika daftari ya klasi:

a) Dawa hii inapunguza madhara makubwa, ao madhara madogo yanayoonekana sana?

b) Nani ataifanya, na kwa feza gani? Kama hana nguvu ya kuifanya, ni maneno tu.

c) Inaondoa madhara, ao inayahamisha kwa mtu mwingine?

d) Tutajua namna gani kama imefaa?

Swali la tatu ndilo kubwa kupita yote. Tukichoma masashe, uchafu unatoka chini na kuingia katika kifua cha mdogo wa klasi ya kwanza. Tukiyatupa katika Lualaba, Kindu inabaki safi, lakini mto haulali. Unashuka kama kilomita 300 mpaka Ubundu, unapita maporomoko ya Boyoma, unafika Kisangani, unaendelea mpaka Kinshasa na baharini. Kwa kila kituo kuna watu wanaochota maji na kuvua samaki.

Huko Japani watu wa mji wa Minamata walijifunza jambo hili kwa machozi. Kiwanda kilikuwa kinamwaga maji machafu yenye zebaki katika ghuba yao tangu miaka ya 1930. Watu waliona bahari ni kubwa, uchafu utapotea. Lakini zebaki iliingia katika samaki, na samaki wakaliwa. Mwaka 1956 ugonjwa ule ulitambulika rasmi: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, hawawezi kutembea, na watoto wanazaliwa na vilema. Kiwanda kiliacha kumwaga mwaka 1968 tu. Basi, neno "mto utabeba" linatafuta jibu hili: utabeba kwa nani?

Sasa tuchukue vitu vinne tunavyoviona kila siku hapa Kindu, tuvipitishe katika maswali haya.

KITU CHA KWANZA: MASASHE

Kutoka: sashe inatengenezwa kwa mafuta ya petroli ao gezi. Ni nyepesi sana, ndiyo maana bei yake ni kidogo. Kutumika: haiumizi mtu, inabeba vizuri. Kuishia: hapa ndipo mambo yanapoharibika. Haiozi kwa miaka mingi. Inaziba mifereji, maji ya mvua yanasimama, mbu wanazaa, na sisi tunaugua malaria. Mbuzi wanaila na kufa.

Na ikichomwa? Sashe ya kawaida ikichomwa katika moto mdogo wa kiwanja inatoa masizi na gezi mbaya. Lakini vitu vingine vya plastiki, kama waya ya umeme, tuyo za maji na sandale nyingine, vina klorini ndani. Hivyo vikichomwa vinatoa sumu inayoitwa dioksini, ambayo inakaa mwilini miaka mingi na inaweza kuleta kansa. Fungu letu lilikuwa na vitu hivi vyote pamoja. Hatukujua.

Serikali yetu ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe ya plastiki. Rwanda ilikuwa imekataza mwaka 2008, Kenya mwezi wa nane 2017, na Tanzania ilifuata mwezi wa sita 2019. Lakini ukipita sokoni kwetu utapewa sashe mbele hujaomba. Amri ni nzuri, lakini haitatushikia kikapu.

Tena tusikimbilie kila kitu kinachoitwa kizuri. Mwaka 2011 ofisi ya kulinda mazingira ya Uingereza ilitoa hesabu yake juu ya mifuko. Kwa upande wa kuongeza joto la dunia, mfuko wa pamba lazima utumiwe mara 131 ndipo ulingane na sashe nyepesi iliyotumiwa mara moja tu. Sababu pamba inataka shamba, maji, mbolea, kiwanda na safari. Hesabu hii haisemi sashe ni kitu kizuri, na haikupima mifereji yetu iliyozibwa. Inasema tu kwamba mfuko unaotundikwa ukutani haumsaidii mtu. Faida inatoka kwa kuutumia mara nyingi.

Sisi tuna bahati. Kikapu cha kamba za pori kinasukwa hapa hapa, hakipandi meli, na kinakaa miaka. Mama wanaouza kwanga wanaifunga katika majani, na jani likitupwa linarudi kuwa udongo. Hiyo ni maarifa ya wazee wetu, tusione haya juu yake.

Dawa tuliyochagua: kwanza, KUTOCHOMA tena, hasa waya, tuyo na sandale. Pili, kikapu cha nyumbani kila siku ya soko. Tatu, sashe iliyokwisha kuingia nyumbani ioshwe na itumiwe tena mpaka ipasuke. Nne, masashe ya maji yaliyokatwa upande mmoja yanajazwa udongo na kuoteshwa miche ya miti. Yanayobakia tunayazika katika shimo moja lililo mbali na kisima na mbali na mto. Tuseme kweli: shimo linaficha, haliondoi. Lakini ni afadhali kuliko moshi, na kila mwezi tutaona kama shimo linajaa pole pole kuliko mwezi uliopita.

KITU CHA PILI: MAWE YA TORSHI NA UBAO MWEUSI

Hapa wengi watashangaa. Katika shule nyingi za kwetu ubao unapakwa weusi kwa mawe ya torshi yaliyokufa. Nilipokuwa katika shule ya msingi, sisi wadogo ndio tuliotumwa: okoteni mawe, pasueni, twangeni katika kinu, changanyeni na majani. Mikono yetu ilikuwa myeusi siku mbili. Vumbi tulilivuta kwa pua, na tulicheka.

Ule unga mweusi ni nini? Kwa sehemu kubwa ni manganezi pamoja na makala ya namna nyingine, na ndani kuna chumvi kali zinazowasha ngozi na macho. Manganezi kidogo inapatikana katika chakula, mwili unaihitaji. Lakini mtu anayevuta vumbi lake kwa muda mrefu anaweza kuharibika mishipa ya fahamu: anatetemeka, anatembea vibaya. Wachimbaji na watu wa viwandani ndio walioonekana na ugonjwa huo kwanza. Zaidi, mawe ya zamani yalitiwa zebaki, na mtoto hawezi kujua kwa macho ndani ya jiwe kuna nini. Mtoto anayetwanga mara mbili kwa mwaka hatapata ugonjwa wa mfanyakazi wa kiwanda. Lakini kwa nini tumfundishe kuvuta vumbi lile, wakati kuna njia nyingine?

Njia nyingine iko na haitaki hata franka moja: makala ya jikoni yaliyosagwa vizuri, yaliyochanganywa na majani mabichi ya muhogo yaliyotwangwa. Ukiongeza uji mwepesi wa unga wa muhogo inashika zaidi. Nyunyiza maji mbele ya kutwanga, ili vumbi lisiruke. Paka mara mbili, acha ikauke. Itabidi kurudia mara nyingi kidogo, ndiyo gharama yake.

Na mawe yaliyokufa? Tusiyatupe katika choo, wala kisimani, wala motoni, kwa maana jiwe katika moto linaweza kupasuka. Tunayaweka katika bidoni kavu yenye kifuniko, mbali na jiko na watoto, mpaka papatikane pahali pa kuyapeleka. Anayeweza kupata taa ndogo ya jua apunguze kununua mawe kila juma. Lakini asisahau swali la tatu: taa ya jua nayo ina betri ndani, na siku itakapokufa nayo inataka pahali. Kwa hiyo nunua ile inayoweza kufunguliwa na kutengenezwa.

KITU CHA TATU: MAKALA

Sasa tufike penye neno kubwa. Masashe yanaonekana sana, makala hayaonekani. Gunia linafika juu ya baisikeli ao ndani ya mtumbwi, tunalipa, tunapika, jivu tunamwaga. Miti iliyokatwa iko mbali, hatuioni.

Tufanye hesabu. Kwa tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 1 ya makala inataka karibu kilo 5 mpaka 10 za miti. Tuseme gunia lina kilo 40. Ni kusema miti ya kilo 200 mpaka 400. Tuseme jamaa moja inamaliza magunia mawili kwa mwezi: ni magunia 24 kwa mwaka. Kama jamaa hiyo ikipunguza robo tu, inaacha magunia 6, ndiyo kilo 240 za makala, ndiyo kilo 1.200 mpaka 2.400 za miti. Sasa sashe: tuseme moja ina gramu 5, na jamaa inatupa mbili kwa siku. Kwa mwaka mzima haifiki kilo 4.

Uzito si kila kitu, maana kilo 4 za masashe zinaweza kuziba mfereji na kuleta malaria kwa nyumba kumi. Lakini hesabu hii inatuonyesha kwamba klasi yetu ilitumia asubuhi nzima juu ya kitu kimoja, na juu ya kitu kingine, kinachokula pori, haikusema hata neno.

Tena kuna moshi. Zaidi ya watu 90 kwa 100 katika inchi yetu wanapika kwa kuni na makala. Shirika la afya la ulimwengu linahesabu kwamba moshi wa majiko uliua watu karibu milioni 3,2 katika dunia kwa mwaka 2020, na kati yao watoto wengi chini ya miaka mitano. Mama na dada zetu ndio wanaokaa karibu na moshi ule. Mdogo wa klasi ya kwanza mwenye pumu alivuta moshi wetu asubuhi moja. Nyumbani anavuta mwingine kila siku.

Je, tuache makala tupike kwa kuni? Angalieni vizuri. Makala hutoa moshi kidogo kuliko kuni, ndiyo maana watu wa mjini wanayapenda. Lakini miti mingi inapotea katika tanuru mbele ya kufika jikoni. Na makala katika chumba kilichofungwa yanatoa gezi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Kuni zinaokoa miti, lakini zikiwa mbichi zinatoa moshi mwingi, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unafanya kazi ya kukausha maji hayo kwanza. Kwa hiyo ukisema "acha makala" bila neno lingine, umehamisha madhara kutoka pori mpaka macho ya mama yako.

Dawa iliyo karibu ni kupika kwa moto kidogo zaidi. Tulijaribu nyumbani kwetu. Mama alikataa kwanza: "Mimi napikaka mbele wewe uzaliwe, leo utanifundisha maharagi?" Nikamwambia, "Mama, nakuomba juma moja tu." Usiku tukalowesha maharagi katika maji. Asubuhi tukayapika chungu kikiwa kimefunikwa, na jiwe juu ya kifuniko. Mbabula tuliiweka pahali pasipo na upepo, karibu na mlango, si ndani kabisa. Maharagi yalipoiva, tulizima makala yaliyobakia kwa kuyafunika, hatukuyaacha yateketee bure. Mwisho wa juma, kopo la makala la siku ya mwisho lilibakia zima. Mama alilitazama, akasema, "Kumbe nilikuwa napikiaka upepo." Tangu siku ile analowesha mwenyewe.

Huko Kenya, katika miaka ya 1980, mafundi walitengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani yake. Udongo unashika joto lisitoke pembeni, na makala yanayohitajika yanapungua sana. Mafundi wetu wanaofanya mbabula kwa bati za zamani wanaweza kutia udongo vile vile. Mwenye kutumia mafiga matatu anaweza kuyazungushia ukuta mdogo wa udongo, akiacha mlango wa kuni, na kuni akaziweka juu ya utara zikauke mbele ya kuzitumia.

Lakini kuna mwenzetu mmoja ambaye baba yake anachoma makala, ngambo ya Alunguli. Tuliposoma hesabu hii klasini alinyamaza, halafu akauliza: "Munataka watu wasinunue. Na minervali yangu itatoka wapi?" Swali lake ni la haki. Dawa inayoondoa madhara kwa kumtupia mtu mmoja njaa, nayo imehamisha madhara tu.

Tulitafuta jibu pamoja. Huko Senegali walitengeneza tanuru inayoitwa ya Casamance: ni ya udongo kama zetu, lakini miti inapangwa vizuri na kuna bomba la moshi linalotengenezwa kwa mapipa ya zamani. Inatoa makala mengi zaidi kwa miti ile ile. Hata bila bomba, mchomaji akikausha miti kwa majuma machache, akiipanga bila nafasi, na akilinda tanuru lisipasuke, anapata zaidi. Hiyo ni faida kwa pori na kwa mfuko wake.

Tena kuna kupanda. Huko Mampu, katika uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, palipandwa miti ya akasia karibu hektari 8.000 tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wanavuna muhogo katikati ya miti michanga, halafu makala miti ikikomaa, na asali. Huko Kivu ya Kaskazini mpango wa EcoMakala, ulioanza mwaka 2007, ulisaidia wakulima kupanda miti yao ya makala, ili watu wasiingie kukata katika mbuga ya Virunga. Sisi wa Maniema tuna mbuga yetu pia, Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa sehemu katika provensi yetu na kwa sehemu katika Tshopo. Tusingoje mpaka makala yaanze kutoka mle.

KITU CHA NNE: MAFUTA YA TUKUTUKU

Kila tukutuku ya mjini inabadilisha mafuta ya mashini. Mafuta ya kale, meusi, mara nyingi yanamwagwa chini pale pale. Mvua inayapeleka katika mfereji, mfereji katika mto. Mafuta hayo yamebeba unga wa vyuma vya mashini na sumu nyingine zinazoweza kuleta kansa. Juu ya maji yanatandaza ngozi nyembamba inayozuia hewa kuingia, na wadudu na samaki wadogo wanakosa pumzi.

Hapa sisi wanafunzi hatuna mamlaka. Lakini wengi wetu tuna yaya ao mjomba anayeendesha tukutuku. Dawa: fundi awe na bidoni moja ya kukusanyia. Mafuta hayo yanafaa kupaka minyororo na bawaba, na nguzo zisiliwe na mchwa, kama nguzo ziko mbali na maji. Yasitumiwe kuwasha jiko, wala kupaka kidonda, kama wengine wanavyofanyaka. Mtu mzima akiongewa kwa heshima anasikia. Akiambiwa "wewe unaharibu mto" mbele ya wateja wake, atamwaga hata kesho.

BASI TUANZE WAPI?

Klasi yetu iliandika vitu vinne ubaoni na kuvipanga. Hatukuuliza tu kipi ni kibaya zaidi. Tuliuliza pia kipi tunaweza kukigeuza sisi wenyewe, bila kungoja mtu.

1. Kazi ya leo: kutochoma plastiki, na kuacha kutwanga mawe ya torshi. Haitaki feza. Inamlinda mtoto mara moja.

2. Kazi ya juma hili: kulowesha maharagi, kufunika chungu, kukausha kuni, kuzima makala yanayobakia. Inataka kusema na mama kwa adabu, na kufanya kazi pamoja naye, si kumwamuru.

3. Kazi ya mwezi huu: kikapu sokoni, na maneno kwa wenye tukutuku.

4. Kazi ya miaka: kuotesha miche ya akasia katika masashe ya maji na kuipanda nyuma ya kiwanja. Sisi wa klasi ya sita hatutaikata. Wale wa klasi ya kwanza wa leo ndio watakaoikata.

Kwa swali la nne, la kujua kama imefaa, tuliweka daftari. Kila mmoja anaandika siku ambayo gunia la makala lilifunguliwa nyumbani na siku lilipoisha. Asiyeandika, asiseme "tumepunguza". Tumeona tayari kwamba wengine walifurahi bure: gunia lao lilikaa siku nyingi kwa sababu walikuwa wamesafiri kwa matanga!

Wenzetu, tusidanganyane. Mwanafunzi mmoja wa Kindu hataokoa pori lote la Kongo, na wenye mashini kubwa wanaoharibu kwa wingi wana deni kubwa kuliko letu. Lakini moshi ulioingia klasi ya kwanza haukutoka kwa mashini kubwa. Ulitoka kwa kiberiti kilichowashwa na mkono wetu. Hapo hatuwezi kumwonyesha mtu mwingine kidole.

Siku ya posho iliyofuata tulifanya salongo tena. Fungu lilikuwa kubwa vile vile. Tuligawa: masashe ya maji upande huu kwa ajili ya miche, chupa upande ule kwa kubebea mafuta ya mawese, waya na sandale katika shimo. Ilichukua saa mbili zaidi, na wengine walinung'unika. Madirisha ya klasi ya kwanza yalikuwa wazi. Tuliwasikia wadogo wakiimba wimbo wao mpaka mwisho, na sauti ya yule mwenye pumu ilikuwa kati yao.

KAZI YA NYUMBANI KWA WASOMAJI

Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu: sabuni, dawa ya kuua mbu, chupa, taa, nyama ya pori, chochote. Kiulize maswali matatu ya safari yake. Tafuta dawa moja, uipitishe katika maswali manne. Halafu mwonyeshe mtu ambaye dawa hiyo itamgusa, umwulize: "Hii itakusaidia, ao itakuletea mzigo?" Andika jibu lake kama alivyosema, ulete kwa waandishi wa gazeti mbele ya mwisho wa mwezi. Majibu mazuri tutayapiga katika namba ijayo.

Mwanafunzi wa klasi ya sita, kwa niaba ya wenzake